Filta Kwenye Jani la Mgomba

Mama Aminiel alifungua kibanda chake cha kusaga unga, kule Nkoaranga, akakuta kimebaki kinu tu. Injini kuukuu ya dizeli aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa imeng'olewa. Nje, wanawake walishafika na ndoo zao za mahindi.

Inspekta Kauthar alikagua kufuli. Halikuvunjwa. Akachutama. Sakafuni palikuwa na dumu la oili chafu, limefungwa vizuri. Kando yake, juu ya jani la mgomba, filta ya kitambaa ilisimamishwa kichwa chini, inachuruzika.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, afande. Na mwanangu Aminiel, fundi wa magari huko mjini, Kijenge. Lakini huyo hata unga wangu hachukui bure."

Inspekta akapiga picha, akaitia filta kwenye mfuko wa vielelezo, akashuka mjini.

Alimkuta Aminiel gereji, chini ya lori.

"Nisaidie, fundi. Mtu anahamisha injini ya zamani. Kwa nini atoe filta kwanza?"

Aminiel akatoka, akajifuta mikono. "Pampu inasukuma oili, inaingia kwenye filta kwa nje, inapenya kitambaa, inatokea katikati ikiwa safi. Ndiyo inakwenda kwenye beringi. Uchafu unabaki nje. Sasa ukiilaza injini kwenye pikapu na filta imo, uchafu ule unaporomoka ndani. Siku ukiwasha, beringi zinasagika."

"Na filta ikiziba?"

"Kuna vali ndogo. Inafunguka, oili inapita bila kuchujwa. Bora oili chafu kuliko injini ikauke."

"Mwizi wa vyuma chakavu angehangaika hivyo?"

"Hapana."

Inspekta akamwonyesha picha. "Na jani?"

"Isiokote mchanga. Kitambaa kile kinaoshwa, kinarudi. Marehemu baba alikuwa..."

"Alimfundisha nani mwingine?"

Aminiel akaitazama mikono yake. "Mimi peke yangu."

Injini ilikuwa nyuma ya gereji, chini ya turubai, imefutwa vumbi.

Mama yake alipoletwa, Aminiel hakuinua uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sema."

"Hendeli ya kuwashia injini ilikurudi kwa nguvu, ikakuvunja mkono. Ukaanza kuizungusha kwa wa kushoto. Nilikuomba upumzike, ukanicheka. Nikasema moyoni, injini isipokuwepo, mama atakaa. Ndiyo, nimeiba mimi."

"Nikae nitazame ukuta? Matanga ya baba yako yalipokwisha, nani alipiga hodi kwangu? Wanakuja kusaga, ndipo nasikia nani kajifungua, nani mgonjwa. Umeninyang'anya injini ili nisichakae, mwanangu. Nitakauka."

Kijana akafunika uso kwa mikono yenye grisi.

"Mlalamikaji ni wewe, mama," Inspekta akasema taratibu. "Tuendelee na kesi?"

Mama Aminiel akaunyooshea kidole mfuko wa vielelezo. "Mpe hiyo filta, afande, aioshe. Injini irudi leo." Akamgeukia mwanawe. "Na hendeli, kila asubuhi, utakuja kuizungusha wewe."