Baiskeli Iliyokaa Kama Mbwa

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kunywa chai, Mabli alikuwa na kazi moja ambayo hakutumwa na mtu: kuitoa baiskeli yake bandani, kuipangusa tope na kuisikiliza. Ndiyo, kuisikiliza. Mama yake alishazoea. Watoto wengine wanafuga paka, huyu wake alifuga baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya milimani yenye shokapu mbili, moja mbele na moja nyuma. Aliachiwa na dada yake alipokwenda kusoma Cardiff. Ukiipanda ilikuwa inashuka kidogo, mbele na nyuma, halafu inakubeba kama godoro. Lakini mvua ya Blaenau, mji wao wa milimani, haina huruma na chuma. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo ili watu waanike nguo, halafu inanyesha tena. Tope la mawe meusi ya machimbo liliingia kwenye foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, likaila shokapu yake polepole. Mwishowe ikawa inavuja mafuta na kugonga kok kok kila Mabli akishika breki.

"Hiyo siipandishi mlimani," Mjomba Tegid alimwambia.

Watoto wote wa Blaenau walimwita mjomba, ingawa mwenyewe hakuwa na dada. Alikuwa na duka la baiskeli karibu na stesheni ya treni, na ndiye aliyewaongoza watoto katika safari ya kila mwaka ya kwenda bwawa la Stwlan, juu kabisa mlimani. Kwenda huko lazima uwe umetimiza miaka kumi na miwili. Mwaka uliopita Mabli alibaki getini akiwapungia mkono wenzake, na walipomuuliza kwa nini macho yake ni mekundu, akasema ana mafua. Safari hii miaka ilikuwa imetimia. Safari yenyewe ni Jumamosi hiyo.

"Kwa hiyo siendi?" aliuliza Mabli.

"Nimesema baiskeli haiendi hivi ilivyo. Sijasema wewe." Mjomba Tegid alinyoosha kidole juu. Foku za chuma zisizo na shokapu zilikuwa zimening'inia darini kama soseji buchani, ndefu na fupi. "Tutakufungia moja ya hizi. Haina mafuta ya kuvuja wala springi ya kufa. Mikono yako itahisi kila jiwe, lakini utafika. Niletee kipimo tu. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka pale foku inapokutana na shingo ya fremu. Ila usipime ikiwa imesimama peke yake. Ukae juu yake kama unavyokaa ukiendesha, mtu mwingine apime."

"Kwa nini nikae juu?"

"Kapime kwanza. Nikikwambia yote leo, kesho utakuja dukani kufanya nini?"

Mabli alirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa bado kazini. Aliegemeza bega ukutani, akapanda baiskeli, akainama na tepu ya kupimia mkononi. Tepu ikateleza. Akainama tena, zaidi, na baiskeli ikamwangusha moja kwa moja kwenye bustani ya vitunguu ya Mama.

Upande wa pili wa ukuta mfupi wa mawe, Guto alikuwa anamrushia mpira mbwa wake, Pero. Guto alikuwa jirani na tena darasa moja naye. Angeitwa mara moja tu, angeruka ukuta.

Lakini Mabli hakumwita. Majuma mawili nyuma, pampu yake ndogo ya kujazia shokapu upepo ilikuwa imepotea, naye akasema mbele ya darasa zima kwamba Guto kaiiba. Jioni ileile aliikuta ndani ya buti lake la mvua. Alikusudia kusema samahani kesho yake. Kesho yake ikawa ngumu, keshokutwa ikawa ngumu zaidi, na sasa ilikuwa nzito kama gunia la mawe.

Basi aliiegemeza baiskeli bandani, akapima peke yake. Sentimita hamsini na tatu. Tofauti itakuwa ndogo tu, alijiambia.

"Hamsini na tatu?" Mjomba Tegid alikuna kidevu. Duka lilikuwa limejaa wateja, na mtoto mmoja alikuwa anapiga kengele zote moja baada ya nyingine. "Naiona ndefu kwa mtu mwepesi kama wewe. Ulikaa juu kweli?"

"Ndiyo," alisema Mabli, akiangalia viatu vyake.

"Haya. Ukisema ndiyo, ni ndiyo." Akateremsha foku ndefu kuliko zote, akaifunga.

Jioni ya Alhamisi Mabli aliijaribu kwenye mlima mdogo nyuma ya nyumba yao. Mambo yalikuwa ya ajabu. Pale anapopanda kila siku, gurudumu la mbele lilitangatanga, mara kulia mara kushoto, kama toroli lililopakiwa vibaya. Penye mwinuko mkali likanyanyuka kabisa, na usukani ukamsogelea kifuani. Alijaribu tena akiwa ameinama mbele. Likatangatanga tena.

Akakunja uso, lakini hakukasirika. Kitu kisichoeleweka kilimwasha Mabli kama upupu. Aliipeleka baiskeli bandani. Ukutani kulikuwa na alama nyeusi mahali ambapo mpini wa usukani ulisugua chokaa miaka yote. Akaiegemeza. Mpini ukaingia kwenye alama ileile, wala haukuzidi kwa unywele.

"Sasa shida iko wapi?" aliiuliza baiskeli. "Urefu ni uleule wa zamani."

Akaitoa uani, akapanda, akashuka akaitazama. Akapanda tena, akashuka upesi, kama anayetaka kuifumania. Kila akishuka, baiskeli ilikuwa imesimama sawasawa, haina kosa.

"Inakaa kama Pero," sauti ilisema kutoka ng'ambo ya ukuta.

Mabli hakugeuka. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ukuta wenu, macho yangu."

Lakini udadisi ukamshinda. "Kama Pero vipi?"

"Akisubiri biskuti. Matako chini, kidevu juu." Guto aliegemeza viwiko ukutani. "Zamani ulikuwa ukipanda inashuka yote, mbele na nyuma. Sasa nyuma inashuka, mbele imekaza shingo. Panda uone. Aa, wewe huwezi kuona. Mimi ndiye naona."

Pero, aliposikia neno biskuti, alikaa chini na kuinua kidevu, na Mabli akamtazama. Nyuma kulikuwa bado na shokapu, nayo ilishuka chini ya uzito wake. Foku mpya haishuki. Kumbe alitakiwa apime urefu wa ile ya zamani ikiwa tayari imeshuka, imembeba yeye. Ndiyo maana mjomba alisema akae juu, na ndiyo maana alisema apime mtu mwingine.

Gunia lile la mawe likamrudia kifuani. Safari hii alilitua.

"Guto. Ile pampu niliikuta kwenye buti langu."

Mpira ukabaki mkononi mwa Guto. "Lini?"

"Siku ileile, jioni."

"Siku ileile." Guto alitikisa kichwa. "Majuma mawili nakaa siti ya mbele kwenye basi la shule kwa sababu hakuna anayetaka kukaa na mwizi. Dereva amenisimulia goti lake lote, toka lilipoanza kuuma."

"Samahani. Kesho nitasema darasani, mbele ya wote, kama nilivyosema mwanzo."

"Na kwenye basi."

"Na kwenye basi."

"Kwa sauti. Dereva hasikii vizuri upande mmoja." Guto hakucheka, lakini aliruka ukuta, Pero nyuma yake. "Haya, tepu iko wapi?"

"Tepu haitusaidii hapa. Foku ya zamani iko dukani. Na kuna mtu mwingine nilimdanganya."

Ijumaa Mabli alisema darasani, uso umewaka moto. Akasema tena kwenye basi, na dereva akamwomba arudie. Kisha wakapitia nyumbani kuchukua baiskeli, wakaikokota wote wawili mpaka dukani, Pero nyuma yao.

"Mjomba, nilikudanganya," Mabli alisema kabla hajaulizwa. "Sikukaa juu. Nilipima ikiwa imesimama."

Mjomba Tegid aliweka spana chini, akafuta mikono polepole kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Unajua, nati zote za baiskeli hii niliziona kwa macho yangu," alisema. "Ila kimoja sikukiona, nikaamini neno lako. Ungeanguka kesho kule juu, ningelala macho najiuliza nimekosea nati gani. Nisingeipata, kwa sababu haikuwa nati."

Mabli akauliza: "Basi siendi?"

Mzee aliangalia saa ya ukutani, akaangalia mvua dirishani, akaangalia Pero aliyekuwa anailowesha sakafu. "Kazi ya kufungua ni ndefu na duka linataka kufagiliwa. Mimi nina mikono miwili tu. Nyinyi mna minne."

Wakafagia. Foku ndefu ikatolewa, ile kuukuu ikarudishwa kwa muda ili ipimwe. Mabli akakaa juu ya baiskeli, ameshika usukani, Mjomba Tegid akimshikilia asianguke. Guto akapiga magoti na tepu.

"Hamsini na... usipumue. Umeshapumua. Hamsini kamili."

"Sentimita tatu," Mabli alinong'ona. "Zote zilikuwa chini yangu."

Mjomba Tegid akateremsha foku fupi zaidi. Alipomaliza kuifunga alimwambia Mabli apande, kisha akasogea pembeni, akainama, akatazama kwa jicho moja. "Guto, inakaaje?"

"Kama baiskeli," alisema Guto.

Jumamosi mvua ilijisahau. Barabara ya Stwlan inapanda kwa kona kali, na kwenye kila kona gurudumu la Mabli lilikaa chini, likaenda alikolituma. Mikono yake ilihisi kila kokoto, kama mtu anayepapasa kitu gizani ili akijue. Aliona raha hata ya hilo. Juu kabisa, wakiwa wamekaa ukingoni mwa bwawa wakila mkate wenye zabibu kavu, aliuliza swali lililokuwa linamkera.

"Mjomba, nitajuaje siku nyingine? Ukutani ilikuwa sawa kabisa."

"Nikiegemea ukutani hata mimi ni kijana," alisema Mjomba Tegid, na watoto wakacheka. Kisha akaacha utani. "Sikilizeni. Kitu kinajulikana kikiwa kimebeba mzigo wake, na anayekaa juu hawezi kujitazama. Anahitaji mwenzake wa pembeni amwambie ukweli. Sasa ukimsingizia mwenzako na kumnunia, nani atakutazama? Na ukinidanganya mimi, nitakufungia uongo wako kwenye baiskeli, na ni wewe utakayeshuka nao mlimani. Mabli alikosea, lakini alikuja kusema mwenyewe kabla ya kuteremka. Ndiyo maana yupo hapa na mkate mdomoni."

Wakavaa kofia zao ngumu. Chini yao mji wa Blaenau ulikuwa mdogo, paa zake zinang'aa.

"Mimi je, nikiendesha nakaaje?" Guto aliuliza, akipanda baiskeli yake.

"Kama Pero akiona paka," alisema Mabli. "Lakini tangulia, nikutazame vizuri."