Simu Iliyokataa Laini

Mke wangu ni mshonaji. Wateja humpigia simu, naye huenda kuwapima majumbani. Tulipohamia mtaa mpya, mtandao wake ukawa haushiki. Ili azungumze, ilibidi apande juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wateja wakaanza kumkimbia. Na wiki ile mkuu wa shule moja alikuwa ameahidi kupiga simu kuhusu sare za wanafunzi. Kazi hiyo ikimpita, cherehani ingelala.

Akanunua laini ya kampuni nyingine. Simu ikaikataa. Sasa, mshonaji akiona kitu hakikai, hukipunguza. Akaikata pembeni kwa mkasi. Ikakataa tena. Akanunua ya pili, nayo akaipunguza. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilikuwa namwelekeza pa kukata. Aibu naiona hadi leo.

Jirani yetu, fundi simu, alipoziona laini zile alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, laini hazina kosa," alisema. "Kampuni iliyokuuzia simu imeifunga, isipokee laini za wengine. Mkataba wako wa kuilipia umeisha?"

Mke wangu akasema umeisha tangu mwezi uliopita.

"Basi simu ni mali yako. Nenda ukadai ifunguliwe."

Akatufundisha kubonyeza nyota, reli, sufuri, sita, reli. Ikatokea namba ya utambulisho ya simu, tukaiandika. Akatuonya tusimpe mtu yeyote wa barabarani aifungue kwa ujanja, maana wengine huiharibu au huiba yaliyomo.

Dukani kwa kampuni, mhudumu akaanza kutusifia simu mpya. Mke wangu akaweka mkataba na ile namba mezani, akavuta kiti. Mhudumu akasema anayefungua simu ni meneja, naye ana kazi.

"Hata mimi nina kazi," mke wangu akajibu. "Nimekuja simu yangu ifunguliwe, na sitoki."

Namjua huyu. Akisema hatoki, hatoki. Alikaa saa mbili nzima. Mwishowe meneja akampa namba za kufungulia. Akaweka laini ya tatu, safari hii bila mkasi. Simu ikaomba zile namba, akaziandika, mtandao ukashika.

Alhamisi mkuu wa shule akapiga. Sare zote tukapewa sisi.

Juzi nilikwenda naye kujinunulia simu. Nilikuwa nimeshaipenda moja, naishika huku na huku. Mke wangu akamuuliza muuzaji, "Hii inapokea laini za kampuni zote?"

Muuzaji akaanza kueleza uzuri wa kamera. Mke wangu akainyakua simu mkononi mwangu, akamrudishia, tukaenda duka la pili.