Subira ya Sekunde Kumi

"Ukifa humo ndani, jirani, nani atatuambia?"

Mama wa mlango wa pili alimuuliza hivyo siku moja, kwa utani, huku akianika nguo. Shangazi alicheka. Akaingia ndani, akajifungia.

Shangazi lilikuwa jina lake la kazi ya ujasusi. Hakuwa na mpwa hata mmoja.

Nokia ndogo ililia akiwa kwenye sala ya asubuhi. Alimaliza kwanza. Mungu hakatizwi.

"Mtoto analia kila akiamshwa," ilisema sauti ya mkubwa wake.

"Anaumwa au anadeka?"

"Kajue wewe. Genge la ng'ambo limeweka mtu karibu na kitanda."

Simu ikakatika.

Kabla jua halijakolea alikuwa kwenye kituo cha maji. Ovaroli ya buluu. Kitambulisho cha mkaguzi. Bastola ya Beretta chini ya spana, ndani ya boksi.

Pampu kubwa, ndiyo "mtoto" wa kwenye simu, ilikuwa kimya. Ndiyo hiyo moja tu, na mji mzima uliitegemea. Hospitalini walikuwa wanakomba tangi.

"Tukiiwasha tu, hicho kipima mtetemo kinaizima," alilalamika opereta, mzee aliyezeeka na mitambo. "Ikikohoa kidogo, imekatwa! Hata mke wangu hana gubu namna hii."

"Ng'oeni waya wake," alisema Doktari. Ndivyo walivyomwita fundi mgeni, aliyekuja juzi na barua ya kampuni ya nje. "Iende bila mlinzi."

Mkuu wa kituo alishusha pumzi. "Ng'oeni. Watu wana kiu."

"Ngojeni kwanza," alisema Shangazi.

Alifungua kabati la kipima. Pampu ikianza, kilitakiwa kuvumilia mtikisiko kwa sekunde kumi, ndipo kianze kuhukumu.

Mtu alikuwa ameifuta subira hiyo.

Sifuri.

"Nani kagusa hapa?"

Shangazi akarudisha kumi.

"Kilicholala hutetemeka kikiamka," alisema taratibu. Aliyajua hayo. Baada ya kumzika mumewe alitetemeka muda mrefu, na watu hawakungoja atulie ndipo wamseme.

"Haya babu, washa."

Pampu ikaguna. Sakafu ikatikisika. Vioo vya dirisha vikalia.

Haikuzimika.

"Ee Mungu wangu!" Opereta alipiga makofi. Maji yakaanza kupanda bombani.

Sekunde ya kumi ikapita.

Tap. Kipima kikaizima tena.

"Niliwaambia nini?" Doktari alifoka. "Kipima kinadanganya! Ng'oeni waya, mnangoja nini?"

Shangazi alikuwa ameshabandika kihisi chake cha sumaku kwenye mguu wa pampu. Alitazama simu yake ya pili, iliyopokea vipimo vyake. Mtetemo ulipaswa kushuka. Ulikuwa umepanda hadi pampu ilipozimwa.

"Mara hii kipima hakikulia bure. Babu, hebu shika boliti hiyo ya msingi."

Opereta aliishika. Ikazunguka kwa vidole, kama kizibo cha chupa.

"Zimelegezwa! Zote! Ingekwenda bila mlinzi ingejing'oa, ituue humu humu!"

Mkuu wa kituo akaelewa. Kelele za uongo za kipima zilikuwa za kuwachosha, wamfukuze mlinzi kwa mikono yao wenyewe.

Doktari alichomoa bastola.

Spana ya Shangazi ilifika kwanza.

Risasi ilipita, ikamchana Shangazi mkono. Bastola ikaserereka sakafuni. Beretta ikagusa shingo ya Doktari.

"Kaa chini, mwanangu. Umechelewa."

Walimfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Boliti zikakazwa. Pampu ikawashwa tena. Ikatetemeka. Ikatetemeka.

Ikatulia.

Maji yakaenda mjini.

Opereta alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mkuu wa kituo aliona damu kwenye ovaroli ya buluu, akatoa simu yake haraka.

"Mama, umeumia. Nyumbani kwako tumpigie nani?"

Shangazi aliitazama pampu. Ilikuwa inanguruma taratibu, sauti moja, yenyewe.

Akafunga boksi la spana. Akaubana mkono wenye jeraha kifuani, akatoka peke yake.