Gauni Liliburuza, Mume Akaniacha... Kumbe ni Mifupa!

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, mkulima wa korosho na mihogo kata ya Ziwani, Mtwara. Haya ninayoyaandika yamenipata mwenyewe, wala sioni aibu kuyasema. Aibu waione walionitenda!

Huku kwetu, korosho zikishauzwa, ngoma za unyago zinaanza na kina mama tunashona sare. Kila mwaka nilimpelekea Fundi Selemani gauni langu la mwaka uliopita, nikamwambia akate kama lile lile. Na kila mwaka gauni jipya liliburuza chini! Nikamgombeza mbele ya wateja wake.

"Mama Shaibu, mimi nakata kama ulivyoniletea," akanijibu. "Labda wewe ndiye umefupika!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka... Mtu mzima anafupikaje?

Mgongo nao ulikuwa umeanza kupinda. Nani angeshtuka? Kila anayeokota korosho anainama. Tuliuita mgongo wa korosho, tukauchua kwa mafuta, tukarudi shambani.

Kisha nikateleza kisimani. Kuanguka kwenyewe kwa kitoto! Nilijikinga kwa mkono, na kifundo kikavunjika. Nikapelekwa hospitali mjini, wakanifunga ile plasta ngumu tunayoiita hogo. Mdogo wangu Somoe aliponiona akasema, "Dada, umelima mihogo maisha yako yote, leo umefungwa hogo!" Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Mkono ulipona. Lakini siku moja niliinua ndoo ya mihogo niliyoiloweka, mgongo ukakatika kama kijiti... sikuweza kunyooka. Hapo ndipo mume wangu, Baba Shaibu, alipotangaza kwamba nimerogwa. Akaleta mganga. Mganga naye akamtaja mchawi: Somoe! Mdogo wangu wa tumbo moja!

Nilikataa katakata. Mume akaniambia mbele ya ndugu zake nichague, mdogo wangu au nyumba yake. "Tena mimi sikuoa kibiongo," akamalizia.

Kibiongo! Mgongo huu si ndio uliobeba watoto wake? Si ndio ulioinamia mikorosho yake? Nilichukua nguo zangu nikaondoka. Talaka ilinifuata kwa Somoe, na haukupita muda Baba Shaibu akaoa mwingine.

Nikiwa kitandani kwa Somoe nilimkumbuka mama yetu. Alijikwaa kwenye mkeka wa kuswalia, nyonga ikavunjika. Watu wakasema ni uzee. Hakusimama tena... tulimgeuza kama mtoto mchanga mpaka tulipomzika. Nikajiuliza, na mimi ndiyo njia yangu hiyo? Hapana! Nikamwambia Somoe aite bajaji, tunarudi hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole kutoka Bukoba. Akaniuliza kama nimepungua kimo. Nikamsimulia kisa cha fundi nikidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza habari za mama yangu, akauliza hedhi ilikoma lini. Nikamweleza kwamba niliondolewa kizazi pamoja na vifuko vya mayai kabla sijafika miaka arobaini.

"Mama, hakuna aliyekuroga," akasema baada ya kutazama picha ya mgongo. "Mifupa yako imekonda kwa ndani, na pingili zimebonyea. Ndiyo maana umefupika. Ulipoondolewa vifuko vya mayai mapema, homoni zinazolinda mifupa zilipungua, na ugonjwa huu pia hurithiwa."

Akanituma Dar es Salaam kupima ujazo wa mifupa. Ndugu zangu, kipimo chenyewe unalala tu, mashine inapita juu yako. Hata sindano hakuna! Majibu yakathibitisha. Kumbe ningepimwa nilipoondolewa kizazi, au hata gauni lilipoburuza mara ya kwanza, ningeanza dawa mapema, pengine mgongo huu usingepinda. Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Nilimuuliza daktari kuhusu Somoe. "Mlete kabla hajavunjika," akajibu. Somoe naye akapimwa. Mifupa yake imeanza kupungua, lakini hakuna uliovunjika. Yeye tumemuwahi! Sasa tunatumia dawa tulizoandikiwa, tunakula dagaa na mboga, na kila asubuhi tunatembea pamoja, mchawi na kibiongo wake!

Mgongo wangu hautanyooka, daktari hakunificha. Lakini sitalala kitandani kungoja kugeuzwa.

Msimu huu nilikwenda kwa Fundi Selemani mikono mitupu, nikamwomba radhi. Nikamwambia, "Leo nipime mimi, usipime gauni." Akanipima taratibu, wala hakutania.

Siku ya kuwatoa wali, wale wasichana waliokuwa unyagoni, niliingia uwanjani na sare yangu, Somoe ubavuni. Baba Shaibu alikuwapo. Aliponiona akatazama pembeni. Mimi sikutazama pembeni!

Dada zangu, mama zangu, nawasihi. Kama mama yako alivunjika nyonga, kama hedhi ilikoma mapema, kama umevunjika kwa kuanguka kidogo tu, mwambie daktari, uulizie kipimo cha mifupa. Usingoje mganga akuchagulie adui. Na ukiona gauni linaburuza, usimgombeze fundi. Nenda kapime!