Mmiliki Mpya wa Pikapu ya Gathogo

Ijumaa hiyo alasiri Zacharia Gathogo aliiosha pikapu yake kwa mara ya mwisho, akitumia kipande cha shuka lake la ndoa. Mkewe Wangeci aliona, akaingia jikoni. Boneti ilikuwa imebonyea tangu siku ilipogongana na ng'ombe wa mzungu huko Juja. Ng'ombe alilipwa fidia, pikapu haikulipwa. Taa moja haikuwapo. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Hata hivyo aliipenda. Aliinunua aliporudi kutoka vitani Burma, akaiita Wamboi, jina la mamake, na mamake aliposikia hakusema naye kwa wiki mbili.

Sasa ilimbidi atafute wa kumwachia. Ulikuwa mwaka wa 1954, na serikali ilikuwa imeamua kwamba Mkikuyu mwenye gari ni hatari kuliko Mkikuyu mwenye miguu. Barua ilikuja: asipofika ofisini Thika na mmiliki mpya kabla ya saa kumi na mbili jioni, Ijumaa, gari litachukuliwa na kukatwakatwa liwe chuma chakavu. Aliyeiandika alijiita mtumishi wake mtiifu.

Wanunuzi watatu walikuwa wamekuja kwake Ruiru juma hilo. Wa kwanza, Bedan mwenye bucha, aliketi ndani kwa muda wa kumeza mate mara mbili, akashuka. Alisema hakuja kununua kiti chenye mtu. Wengine wawili hawakufika hata kwenye kiti. Tangu hapo majirani walikuwa wakivuka barabara wakiiona pikapu, na usiku mmoja mtu aliitupia jiwe.

Wa nne alikuwa Jeconia Omondi, fundi wa mitambo kiwandani Thika, Mluo, na kwa hiyo ile barua haikumhusu. Alikuja na basi la saa tisa. Aliizunguka pikapu, akapiga magurudumu teke.

"Bwana Gathogo, hii si gari. Hii ni habari ya gari."

"Basi rudi Thika kwa miguu."

"Nitarudi nayo. Nikifika mzima, nitakulaumu kidogo tu."

Wangeci alimvuta mumewe kando. Alinong'ona bila kumtazama usoni.

"Baba Warigia. Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Basi mtaambiwa wote wawili."

Waliondoka saa kumi na moja. Jeconia alishika usukani, kwa sababu hanunui injini asiyoijaribu. Gathogo alikaa upande wa kushoto, bega lake kwenye mlango wa kamba. Walipopita Juja jua lilikuwa limeinama na barabara haikuwa na mtu. Kafyu ilikuwa ikianza saa kumi na mbili, na watu walikuwa wameshajifungia pamoja na kuku wao.

Kisha harufu ikaja.

Kali. Chachu. Kama majani mabichi yaliyosagwa yakaachwa kuoza.

Jeconia alinusa, akauliza kama gari lilikuwa likibeba mkonge. Gathogo akasema kabichi. Jeconia akasema yeye amefanya kazi kwenye mashine za mkonge miaka minne, na hajawahi kukutana na kabichi ya namna hiyo.

Wakateremka kuelekea mto Ndarugu. Hatua chache kabla ya daraja, injini ilizimika.

Haikukohoa wala kutetemeka. Ilizimika tu, kama mtu aliyefumba macho.

Gathogo hakuhitaji kutazama nje. Alizijua nyasi zile.

Miezi mitatu nyuma, vibarua wa kahawa walimletea mwenzao, Kiilu, Mkamba mkata mkonge aliyekuja Ruiru kutafuta kazi nyingine akapata homa badala yake. Walimwomba ampeleke kwao, Ngoliba. Gathogo aliomba kibali. Karani akamwambia kwamba fomu ya pikapu ni ya mizigo, na mgonjwa hawezi kuandikwa mzigo mpaka afe. Gathogo akampakia hivyo hivyo. Walipofika hapa, pumzi ya Kiilu ilianza kukwaruza.

Gathogo aliogopa. Kwa Wakikuyu mtu hafii ndani. Akikaribia kukata roho hutolewa nje, la sivyo mauti huacha thahu, unajisi unaong'ang'ania mahali mpaka patakaswe kwa mbuzi. Na mbuzi angemchinja wapi? Siku zile serikali iliona kiapo cha waasi ndani ya kila mbuzi, na mtu alifungwa kwa supu. Pikapu ingekufa pamoja na mgonjwa. Kwa hiyo alimbeba Kiilu, angali hai, akamlaza kwenye nyasi, akamfunika gunia.

"Nangojea hapa?" Kiilu aliuliza.

"Ngojea. Naleta mtu."

Alienda nyumbani, akalala. Asubuhi aliporudi nyasi zilikuwa zimelala. Gunia lilikuwapo. Kiilu hakuwapo. Gathogo alijiambia kwamba ameokotwa na wasamaria, na kwamba pikapu, kwa haki kabisa, ilikuwa safi.

Sasa alisikia nyasi zikisogea.

Shaa... shaa... shaa...

Pikapu ikainama nyuma. Springi zikalia. Mtu alikuwa amepanda.

Kimya.

Kisha juu ya vichwa vyao, kwenye paa, paa hilo la bati ambalo kila abiria wa nyuma huligonga kumwamuru dereva:

Ko. Ko.

Mara mbili. Twende.

Injini ikawaka yenyewe.

Jeconia aliingiza gia kwa mazoea ya miaka, wakavuka daraja. Alisema kwa sauti ya chini, na bado kulikuwa na mzaha ndani yake, "Mwambie mwenzako akae chini. Askari wakimwona amesimama watatushika."

"Hakuna mtu nyuma."

Jeconia aliinua macho kwenye kioo kidogo. Akatazama kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu anayeendesha. Mzaha ukamtoka usoni. Alianza kusali kwa Kiluo, mdomo ukienda bila sauti, mguu ukizidi kukandamiza, mpaka Thika.

Mbele ya ofisi alishuka kabla gari halijatulia. Aliuweka ufunguo kwenye boneti kwa ncha za vidole.

"Ulinijua mimi ni mgeni, ukaona nife badala yako."

"Jeconia, ndugu yangu, zimebaki dakika kumi. Weka sahihi tu. Kesho uitupe mtoni ukitaka."

"Usiniite ndugu. Hii gari ina mwenyewe."

Akaenda zake, akitembea katikati ya barabara, mbali na nyasi.

Gathogo aliingia ofisini peke yake, na uongo aliokuwa ameutayarisha njia nzima. Angesema mnunuzi ameugua. Angeomba hadi Jumatatu. Karani alikuwa yule yule wa miezi mitatu nyuma. Hakuinua kichwa.

"Umechelewa," alisema. "Mwenzako amekuwa muungwana kuliko wewe. Ameshaweka kidole, ameenda kukungoja garini."

"Mwenzangu nani?"

Karani aligeuza daftari. Kwenye safu ya mmiliki mpya palikuwa na mwandiko wa karani mwenyewe, mzuri, wa kulala upande: *Kiilu, wa Ngoliba.* Kando yake, alama ya dole gumba. Haikuwa ya wino. Ilikuwa ya kijani, ingali mbichi, na karatasi ilikuwa imeanza kujikunja kuizunguka. Chumba chote kilinuka.

"Huyu..." Gathogo alisema. "Huyu mtu hawezi..."

"Hana hati ya kodi, najua. Nimemsamehe. Ana homa mbaya sana yule." Karani alipiga muhuri, akaupuliza. "Gari lako halikatwi tena, shukuru. Sharti ni moja, ameliomba mwenyewe: muuzaji ampeleke mnunuzi mpaka nyumbani. Nimekuandikia na kibali cha kafyu. Cha kwenda tu."

"Na cha kurudi?"

"Hiyo ni fomu nyingine."

Nje, jua lilikuwa likizama. Pikapu haikuwa imeinama nyuma tena. Ilikuwa imeinama kushoto, upande wa kiti cha abiria. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, na ufunguo haukuwa tena kwenye boneti.

Ulikuwa mahali pake, umeshazungushwa.

Gathogo alifikiria kukimbia. Alitazama barabara: mwisho mmoja askari, mwisho wa pili askari, na saa ya ofisi ikigonga kumi na mbili. Alipanda. Kiti kilikuwa na unyevu. Hakugeuza uso kushoto.

Kwenye kizuizi cha njia ya Ngoliba askari alisoma kibali, akakigeuza, akakisoma tena. Akamulika ndani kwa tochi. Kwanza dereva. Kisha upande wa pili, ambako tochi ilikaa.

Akashusha macho kwenye karatasi. Watu wawili.

Hesabu ililingana. Akainua mti wa kizuizi.