Maswali Kabla ya Bisibisi

Seremala hakuwa mtu wa kushindwa na kitu. Mlango ukigoma, aliuranda. Kiti kikiyumba, alikigongea kabari. Kwa hiyo kompyuta ya mkewe ilipokataa kuwaka, alikimbilia bisibisi.

Mkewe alikuwa muuguzi, na alikuwa akisomea ukunga. Ripoti yake ya mwisho, kurasa arobaini, ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo. Ilitakiwa ifike chuoni kabla ya saa nane mchana huo. Ikichelewa, angerudia mwaka mzima.

"Nimebonyeza mara sita," alisema, machozi yakimlengalenga. "Skrini nyeusi tii!"

"Usijali, mama watoto. Naifungua sasa hivi."

"Ukiiharibu zaidi je? Ngoja nimwite mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa fundi wa kompyuta, na alikaa mtaa wa pili tu. Alifika mikono mitupu. Seremala alishangaa. Fundi gani huyu asiye na hata koleo?

"Shemeji, weka chini hiyo bisibisi," alisema yule dada. "Hiki si kitanda."

"Kwani wewe umekuja kutengeneza kwa maneno?"

"Ndiyo. Maneno kwanza."

Alikaa, akabonyeza kitufe cha kuwashia, kisha akatega sikio.

"Taa hii ndogo imewaka, basi umeme unaingia. Feni inavuma. Skrini nayo nzima, oneni kistari hiki cheupe kwenye kona. Haijafa hii. Inahangaika tu."

"Na ingekuwa kimya kabisa?" dada yake aliuliza.

"Ningeanza na chaja. Imeingia vizuri? Soketi ina umeme? Unachomeka taa ya meza hapo, unaona. Betri ikiwa imekwisha kabisa, iache ichaji nusu saa kabla hujakata tamaa." Akawatazama wote wawili. "Sasa niambieni. Tangu ilipofanya kazi vizuri, nini kimebadilika? Nani aliigusa?"

"Mimi niliizima jana asubuhi, nikaenda kazini."

Wakamgeukia seremala. Alijikuna shingo. Jana mchana aliiwasha ili asikilize nyimbo akipiga msasa. Sasa aliamini ameiunguza, na aliona aibu kubwa. Alitamani kusema hajui lolote. Lakini alimwona mkewe akitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo.

"Ni mimi," alisema. "Nilichomeka flashi ya nyimbo, ile ndogo kama ukucha. Sikuitoa."

"Umefanya vyema kusema, shemeji. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Alishikilia kile kitufe mpaka taa ikazimika. Akaichomoa flashi ubavuni. Akabonyeza tena, mara moja tu. Wote watatu waliinamia skrini. Kistari kilitoweka, skrini ikang'aa, na ripoti ilikuwa pale pale, kurasa zote arobaini.

"Kompyuta ikiwashwa hutafuta pa kuanzia kazi," alieleza. "Nyingine hutafuta kwanza kwenye kitu kilichochomekwa. Hii ilitafuta maagizo ndani ya flashi yako, ikakuta nyimbo tupu. Kwa hiyo ikigoma, zima, chomoa kila kitu kisicho cha lazima, kisha washa upya."

Seremala alimtazama kwa heshima. Alikuwa na miaka ishirini kwenye ufundi, na hakuwahi kuona mtu akiponya kitu bila kukifungua.

"Shemeji, wewe ndiye fundi. Mimi mpiga misumari tu."

"Leo umekiri! Dada, andika tarehe."

Ripoti ilitumwa saa saba na nusu, na chuo kikajibu kwamba imepokelewa. Yule dada hakuondoka mpaka nakala moja ilipowekwa kwenye flashi safi, na nyingine kwenye barua pepe. "Siku mashine ikifa kweli," alisema, "kazi yako isizikwe nayo."

Alipoondoka, seremala alisimama mlangoni akisubiri kugombezwa.

"Unisamehe, mama watoto."

"Nilishakusamehe pale uliposema ni wewe," mkewe alijibu. "Ungenyamaza, saa hizi ningekuwa naomba nafasi ya kurudia mwaka."

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa kompyuta ile kimyakimya. Majibu yalipotoka, mwanamke yule alikuwa mkunga. Mumewe aliwatangazia majirani wote kabla mkewe aliyetoka chuoni hajavua viatu.