Ndoo ya Mwisho ya Mboni

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia, uvute mlango nyuma yako. Anayetafuna karanga ameze. Haya hayasimuliwi kwa sauti kubwa, na mkinikatiza sianzi tena.

Zilikuwa zama za Mwingereza, uhuru bado miaka mitatu, minne. Hapo Kariakoo alikaa tajiri mmoja wa mchele, jina lake Awadhi, mwanamume wa mikono mikubwa. Alikuwa na gari la dizeli, pikapu ya bodi ya mbao, likinguruma vikombe vinatetemeka nyumba ya tatu. Dereva wake alikuwa Shomari, Mzaramo, mpole, mtu wa kuitika tu.

Na gari lile lilipoteza maji.

Si mengi. Kibaba kimoja kwa siku. Asubuhi Shomari anajaza rejeta mpaka shingoni, jioni akifungua kibaba hakipo. Chini pakavu. Siku ya kwanza Awadhi alimtukana. Siku ya tano akampiga mgongoni kwa hendeli, ile chuma ya kuzungushia injini. Siku ya tisa akamwambia apeleke gari kwa fundi, Gerezani, na akirudi bila jibu, maji hayo yatatolewa mwilini mwake.

Fundi aliitwa Polycarp, Mchaga wa Marangu, aliyejifunza injini jeshini wakati wa vita. Shomari alifika jua linakwenda kuzama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa, au mgonjwa ni wewe? Maana unashuka kama mwenye mimba."

Shomari akaacha ya mgongo. Akaeleza ya gari.

Polycarp akaingia uvunguni. Akapapasa mipira ya maji mmoja mmoja, yote mikavu. Pampu kavu. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole: oili nyeusi, haina ule weupe wa maji yaliyoingia ndani. Akamwambia Shomari awashe, akaweka kiganja nyuma ya ekzosi, akakinusa. Moshi wa dizeli mtupu. Akachungulia rejeta kama inatoa povu. Haikutoa. Akasema gari hili ni zima kuliko mwenyewe.

Basi akafanya ya jeshini. Alizima injini, akaiacha ipoe. Akakoroga buluu, ile ya kufulia mashuka, akaimimina kwenye rejeta mpaka ikajaa, akafunga mfuniko. Chini akatandaza mifuko ya saruji aliyoipasua. Maji matupu hujificha, alisema, ila ya buluu popote yatakapotokea yataacha doa.

Wakakaa juu ya tairi kuukuu, wakangoja.

Adhana ya magharibi ikaanza.

Chwaa...

Shomari akageuza shingo. Injini imezimwa. Mfuniko umefungwa.

Chwaa... chwaa... Polepole, kama mtu anayemwagia mwenzake maji kwa kata.

Adhana ilipokwisha, sauti nayo ikakoma. Fundi akafungua mfuniko. Kibaba kimekwenda. Mifuko ya saruji haina hata tone. Akakunja pua.

"Nani katia dawa ya nondo humu?"

Yeye Mkristo wa mlimani, harufu ile aliijua ya makabatini. Shomari aliijua ya kwingine. Ilikuwa kafuri. Kafuri ya maiti.

Fundi akawasha karabai, akazunguka gari akimulika kila pembe. Alipofika nyuma, kwenye bodi, akasimama.

Mbao zimelowa buluu. Zimelowa kwa umbo. Kichwa. Nywele zilizotawanyika. Mabega, kifua... umbo likaishia kiunoni, kama mtu aliyelazwa chali anaogeshwa kuanzia juu, na miguu bado haijafikiwa. Pale shingoni palikuwa na sehemu ambazo maji hayakushika. Mistari mikavu. Minne upande huu, mmoja mnene upande ule.

Vidole.

"Shomari," fundi akanong'ona. "Humu ulibeba nani?"

Shomari akamwambia. Alimbeba Mboni, mke wa tajiri wake, aliyezikwa siku kumi nyuma, na watu wakaambiwa kateleza msalani. Siku ile Awadhi hakutaka jeneza libebwe mabegani. Alitaka yaishe kabla kaka zake Mboni hawajafika kutoka Rufiji, kwa hiyo akasema liende na gari. Gari halina maji, na bomba la mtaa limekauka. Uani, nje ya pazia la waosha, palikuwa na ndoo ya mwisho, imeshatiwa kafuri, ile ya kumsuuzia marehemu. Awadhi akamwamuru aimimine kwenye rejeta. Akaimimina. Akamsikia mwosha, Bi Kibibi, akiita nyuma ya pazia: leteni ndoo ya mwisho. Aliita mara tatu. Awadhi akamjibu kwa nje kwamba inatosha, avikwe sanda.

"Hayo ni ya maji," fundi akasema. "Na hiyo shingo?"

Hapo Shomari akalia. Jioni ya kabla ya siku ile, tajiri wake alitoka mlango wa uani anahema, akamwambia, "Washa gari. Kanyaga mafuta." Akawasha. Akakanyaga. Tajiri akarudi ndani. Dizeli ikanguruma mpaka majirani wakafunga madirisha, na katikati ya mngurumo Shomari alisikia mwanamke akimwita kwa jina. Mara moja tu.

Hakuinua mguu.

Hajamaliza kulia, Awadhi huyo katokea, kwa miguu, shali shingoni, amechoka kungoja gari lake. Akaiona karabai. Akaona mbao. Alizitazama muda mrefu, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, akauficha nyuma.

"Umemwambia nini huyu?"

Awadhi akachukua hendeli, akaishusha juu ya mkono wa kushoto wa Shomari, na mfupa ukalia kama kijiti cha mhogo. Polycarp akajitia katikati. Hendeli ikampata mdomoni, meno mawili yakaanguka. Tajiri akasema ule ni ukungu wa mbao, na leo atatazama mwenyewe maji yanakopitia.

"Washa gari. Kanyaga mafuta."

Maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Shomari akapanda, mkono unaning'inia. Akawasha. Akakanyaga.

Injini ikapata moto mpaka rejeta ikaanza kuimba. Awadhi akainama chini ya boneti.

"Tajiri," fundi akasema, damu inamchuruzika kidevuni, "rejeta ya moto haifunguliwi."

Awadhi akakunja ncha ya kanzu, akazungusha mfuniko.

Maji yakaruka. Buluu, yanachemka, uso mzima. Akayumba mbele, kipofu, na ncha ya shali ikaingia kwenye feni.

Shali ikaanza kufupika.

Alipiga ukelele, lakini nani amsikie? Dizeli ilikuwa inanguruma. Aliingiza mikono kujiokoa, feni ikaipokea, na vidole vikaanguka kwenye mifuko ya saruji kimoja kimoja. Kisha ikapata ndevu. Kisha shavu. Polycarp alipaza sauti, zima, zima, naye Shomari amekaa wima nyuma ya usukani, macho makavu, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Fundi alipoufikia waya wa kuzimia injini, shingo ya Awadhi ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Kimya.

Na harufu ile ya kafuri... ikapita katikati yao, ikatoka nje.

Polisi waliandika ajali. Shomari aliapa kwamba mguu ulishikwa, usingeinuka hata angetaka. Akavua kiatu cha kulia, wakaona kifundoni alama tano za buluu. Wapo waliosema ni maji yaliyoruka. Yaruke vipi kutoka mbele ya gari mpaka ndani ya kiatu? Wapo waliosema alikanyaga kwa kupenda kwake. Mimi sisemi.

Awadhi hakuoshwa. Ngozi iliachia kila ilipoguswa, shehe akaamuru atayamamishwe, apakwe vumbi badala ya maji. Akaingia kaburini hana hata tone. Bi Kibibi, tulipokuwa wasichana, akitufundisha kuosha maiti, alikuwa akisema, "Mimi niliita mara tatu. Aliyekuja kuichukua ndoo yake ni marehemu mwenyewe."

Duka la mchele alilirithi Uwesu, mdogo wake Awadhi, akaliuza kwa Mchaga mwingine, si fundi, aliyefanikiwa nalo. Gari walilichukua kaka zake Mboni. Hawakuliwasha. Walilisukuma kwa mikono mpaka nje ya mji, wakalitia moto. Bi Kibibi kazi yake niliirithi mimi.

Shomari aliishi akazeeka, hakuendesha tena. Alipofariki, mwaka juzi, vijana walioingia kumwosha walitoka kuniuliza jambo. Mwili mzima waliukuta kama miili mingine. Mguu wa kulia, kuanzia kifundoni kushuka chini, waliukuta umelowa, umekwisha kuoshwa, unanukia kafuri.

Viatu vyake alivirithi mpwa wake, Nassibu. Cha kushoto kipo chini ya kitanda chake. Cha kulia kipo nje juani tangu Ramadhani iliyopita, na bado hakijakauka.